Kuzika na Kumaliza Kilio katika Ubundu: Nani Alilipa Zamani, Nani Analipa Leo

Katika desturi zetu zote, hakuna inayokusanya watu kama kilio. Mtu anaweza kukosa ndoa ya ndugu yake na kusamehewa. Lakini akikosa kilio, hata watoto wake watakumbushwa siku moja. Ndiyo maana tunapashwa kujua wazee wetu wa Ubundu walizika namna gani, gharama ilitoka wapi, na sababu gani leo matanga yanaacha wajane na deni. Neno letu kubwa ni hili: wazee walitenganisha kuzika na kula. Sisi tumeviunganisha, na hapo njo bei ilipanda.

1. Wakati wa wazee

Walengola, Wakumu, Wamituku na Wagenia walikuwa na desturi mbalimbali, lakini wote walitii sheria moja ya pori: joto haingoji mtu. Aliyekufa asubuhi alizikwa siku ile ao kesho yake. Alifungwa katika mkeka ao katika nguo ya maganda ya mti yaliyopigwa mpaka yakalainika. Vijana walichimba kaburi, wanawake walileta maji, kuni na ndizi. Hakuna aliyehesabu makuta. Mikono ya watu njo ilikuwa malipo.

Kitu cha bei kilikuja nyuma, siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo haikuamuliwa na kifo. Iliamuliwa na wakubwa wa jamaa. Walingoja shamba litoe, wawindaji walete nyama, wavuvi wakaushe samaki ya kutosha. Watu wa upande wa mama wa marehemu waliita haki yao, na jamaa ilikuwa na wakati wa kutafuta mbuzi, kuku na nguo. Kwa hiyo kupanga mbele si jambo la wazungu. Ni kalenda ya zamani ya kijiji.

Tukumbuke tena chama cha Bukota kwa Walengola na Wamituku. Mtu aliingia na kupanda vyeo, na kila cheo kilikuwa na malipo yake. Alipokufa mwenye cheo kikubwa, wenzake wa Bukota walikuwa na kazi yao kwenye kilio, na sanamu za chama zilitolewa. Tukiangalia vizuri, mtu huyo alikuwa amelipia heshima ya maziko yake wakati angali anatembea.

2. Sanda ya Wangwana

Katika miaka ya 1880 Wangwana walishuka Lualaba pamoja na biashara ya pembe, utumwa, mpunga, na lugha hii tunayoandika. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa jina la Leopold II. Kirundu, upande wa juu wa mto kutoka Ubundu, ilikuwa moja ya vituo vyao.

Waislamu walileta namna yao ya kuzika: maiti inaoshwa, inafungwa katika sanda nyeupe, inaswaliwa, inazikwa siku ile ile. Haizikwi na sanduku. Inabebwa juu ya jeneza, na jeneza linarudi msikitini kumngojea mwingine. Ubao mmoja kwa watu wote, tajiri na maskini! Nyuma yake ndipo inakuja arubaini. Hapa tena kuzika na kula ni siku mbili tofauti, na ndiyo sababu desturi hii haikugombana sana na ile waliyoikuta.

3. Reli, sanduku na morge

Mwaka 1906 reli ya CFL ilifika hapa, kilomita 125 toka Stanleyville, ili mizigo ipite kando ya maporomoko saba ya Boyoma. Mji uliitwa Ponthierville, kwa jina la ofisa Mbelgiji aliyekufa mwaka 1893 katika vita juu ya Waarabu. Kutoka hapa mashua iliendelea mpaka Kindu.

Reli iligeuza kilio kwa namna mbili. Kwanza, ilitawanya jamaa. Mtoto mmoja alifanya kazi Stanleyville, mwingine kwenye mashua, mwingine Kindu. Pili, ilileta mshahara, na pamoja na mshahara sanduku la mbao. Misioni za Kikristo nazo, tangu mapadri wa Moyo Mtakatifu kufika Stanley Falls mwaka 1897, zilizoesha watu msalaba na sanduku. Lakini bado joto lilikuwa mkubwa wa wote: jamaa wa mbali walifika kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, nao walilia na kungoja siku ya kumaliza.

Kilichovunja mpango huo ni morge ya muji. Siku hizi mtu akifia Kisangani, maiti inaweza kungoja. Na kama inaweza kungoja, basi jamaa wote wanataka kungojewa. Kila siku ya morge inalipwa. Kila siku pia kuna watu wanaolala kwenye parseli: wanakula lituma na samaki, wanakunywa, wanaomba taa, maturubai na viti. Ikiwa maiti inapashwa kurudi Ubundu, inaongezwa gari ao pikipiki katika njia mbaya ya pori. Zamani gharama kubwa ilingoja mavuno. Leo inaanguka yote katika juma moja, jamaa wakiwa bado hawajapanguza machozi. Kinachokula mali si kaburi, ni kungoja.

4. Makuta yaliyooza

Mtu atauliza: basi watu hawakuwa na sanduku la akiba? Walikuwa nalo. Likelemba zilijulikana tangu ukoloni, na dekreti ya 1958 juu ya vyama vya kusaidiana iliongoza mambo hayo mpaka sheria mpya ya mwaka 2017. Lakini akiba ya makuta iliumizwa mara nyingi. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa mbali porini alibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuka kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 franka ikarudi, na zaire mpya 100 000 zikawa franka moja.

Mweka akiba wa sanduku la kilio, hata kama hakuiba hata likuta moja, alifungua na kukuta hakuna kitu. Tangu hapo wengi wanasema: "Makuta ya kuweka ni ya kupoteza." Tunawaelewa. Lakini hawasemi kitu juu ya mbao, sufuria na mbuzi, kwa maana hivyo havikufutwa na noti.

5. Vita

Mwaka 1997, kandokando ya reli hii yetu, kwenye kambi za Biaro na Kasese, wakimbizi wengi toka Rwanda waliuawa ao walikufa kwa njaa na magonjwa. Wengi hawakupata hata mkeka. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na kuna wafu waliozikwa ndani ya parseli kwa maana hakuna aliyeweza kutoka. Tunawaza kwamba kizazi kilichoona mambo hayo kinaogopa sana kumzika mtu kidogokidogo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini anayeilipa mara nyingi ni mjane.

6. Leo tufanye nini?

Sisi walimu tunaona mwisho wa matanga darasani. Mwanafunzi anarudi nyuma ya majuma mawili, kinga ya baba imeuzwa, mbuzi wameliwa, na minervali hakuna. Wengine hawarudi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlinda mjane katika nyumba aliyokaa na mume wake. Lakini sheria haiwezi kurudisha wali uliokwisha kuliwa.

Wazee wengine wanakataa: kupanga kifo ni kukiita. Tunawajibu kwa heshima: Baba, aliyepanda Bukota alikiita? Bibi Mwislamu anayeweka sanda yake katika sanduku la nguo anakiita? Hapana. Wanawapunguzia watoto mzigo.

Kwa hiyo mutueli ya kijiji, ya parokia, ya msikiti ao ya walimu inaweza kuchukua mambo manne kutoka historia yetu:

Kwanza, inunue vitu. Tuchukue mfano: watu 40 wakitoa franka 1 000 kila mwezi, mwaka mmoja unaleta 480 000. Isilale kama karatasi. Igeuke mbao kavu, maturubai, masufuria, majembe, vitu vya wote kama jeneza la msikiti.

Pili, iamue mbele ni siku ngapi tunangoja, kabla mtu hajafa na kabla ya machozi. Anayechelewa atakuja kwenye siku ya kumaliza kilio, kama wazee wake.

Tatu, siku ya kumaliza ipangwe nyuma ya mavuno, na haki ya wajomba isemwe siku hiyo, si mbele ya kaburi.

Nne, sehemu ya mchango ipewe mjane na watoto mkononi, mbele ya mashahidi, na iandikwe katika daftari kabla sufuria ya kwanza kupanda motoni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuzika kulikuwa kazi ya mikono mingi, na mikono ingali iko. Tuirudishe kwenye kaburi, na sahani tuziache zingoje mavuno.