Waliosoma muswada wa Rodney

Ukipita Mtaa wa Lumumba ukitokea Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, kwa zile kelele na mikokoteni huwezi kuamini kwamba elimu ya chuo kikuu nchini ilianzia pale. Oktoba 1961, wanafunzi wa sheria wasiofika 20 walianza masomo katika jengo la TANU. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na Idara ya Historia chini ya Profesa Terence Ranger ikaanza kutoa maandishi kwa kasi.

Huwa tunawasimulia wale watu kama majabali: Ranger, Kimambo, Iliffe, Rodney. Mimi naona nguvu yao ilikuwa kwa watu waliowazunguka.

Chukua Maji Maji. Mwaka 1968 John Iliffe na Gilbert Gwassa waliwatuma wanafunzi warudi makwao wakati wa likizo, wawahoji wazee kuhusu vita vya 1905 hadi 1907. Sasa fikiria, Mwingereza mmoja angejifunza lini Kimatumbi, Kingoni na Kipogoro? Vijana walikuwa na lugha, tena walikuwa na undugu. Mzee hamfungulii mgeni siri za ukoo, lakini mjukuu wa jirani anapewa mkeka na kusimuliwa mpaka giza linaingia. Ripoti zao zilikusanywa chuoni, na Iliffe alipotoa historia yake kubwa ya Tanganyika mwaka 1979 alizitumia. Jalada lina jina moja. Wale vijana utawakuta kwenye tanbihi, ukiwa na subira ya kuzisoma (wangapi tunazo?).

Rodney naye hivyo hivyo. Kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, kikichapishwa London na hapa mjini na Tanzania Publishing House. Kwenye dibaji anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu kwa kuusoma muswada na kuukosoa. Hawa walikuwa vijana wa jarida la Cheche, lililopigwa marufuku 1970. Na Hirji alikuwa mtu wa hisabati!

Leo mhadhiri akiomba kupanda cheo, yanahesabiwa machapisho yenye jina lake. Yule aliyekaa na muswada wa mwenzake akamwambia sura hii haisimami, anaandikwa kwenye fomu gani?