Urika wa Matairi

Urika wa matairi ni hali ya matairi yote manne ya gari kuwa na mzingo mmoja, kwa kuwa ni ya saizi moja, ya muundo mmoja, na yamelika kwa kiasi kimoja. Tairi linalolingana hivyo na wenzake ni tairi rika. Istilahi hii inahitajika hasa kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote muda wote au yanayojiunganisha yenyewe, yale ambayo mafundi wa Kilwa Masoko, kama wenzao wa Dar es Salaam, huyaita foo-wili na kuendelea na kazi: Subaru Forester, Toyota RAV4, Nissan X-Trail na mengine yaliyotumika Japani kabla ya kufika pwani hii. Tairi moja la gari kama hilo likichanika ubavu kwenye jiwe la matumbawe, haitoshi kuuliza kama lipo jingine la saizi yake. La kuuliza ni kama litakuwa rika la yale matatu yaliyobaki.

Ni rahisi kuliita jambo hili usawazishaji wa matairi. Hilo ni kosa, tena kosa la gharama. Kusawazisha gurudumu ni kazi nyingine kabisa: gurudumu huzungushwa kwenye mashine, na vipande vya risasi hubanwa kwenye rimu mpaka usukani uache kutetemeka. Dereva aliyenunua tairi moja jipya, akasoma kwamba ni lazima matairi yasawazishwe, atabandikiwa risasi, atalipa, ataondoka ameridhika, na difu, inayogawa mzunguko kati ya magurudumu, itaendelea kuungua. Neno lililokwisha kupewa kazi halifai kupewa ya pili katika gereji ileile. Kamati inayopitisha istilahi za magari bila kusimama hata asubuhi moja kwa fundi tairi haiwezi kuliona hilo.

Mtu anaweza kupendekeza tairi sare. Pendekezo hili lina nia njema, lakini linasimama nje ya mlango. Sare ni mfanano wa kuonekana: wanafunzi huvaa sare, na kila mmoja ana kimo chake. Matairi mawili yanaweza kuandikwa 225/60R17 ubavuni, yakawa ya kampuni moja na michoro ileile, lakini moja lina kashata, yaani vinundu vya uso wa tairi, za milimita 8 na jingine limebakiwa na 4. Hayo ni sare, na hayo ndiyo yanayoua gari. Tairi pacha nalo halifai. Pacha hutoka tumbo moja, na kutoka kiwanda kimoja hakujamsaidia mtu.

Rika ni neno la Kibantu lenye mizizi mirefu. Wakikuyu wana riika, Wachaga wana rika, na katika jamii hizo halikuwa hesabu ya miaka ya kuzaliwa. Lilikuwa kundi la watu walioingia pamoja na kutoka pamoja. Tohara ndiyo iliyolifunga. Mkoani Lindi, iliko Kilwa, ambako jando na unyago vinajulikana vizuri kwa Wamwera, Wamakonde na jirani zao, maana hiyo haihitaji kufafanuliwa. Watoto wawili waliopishana mwaka mzima kuzaliwa, lakini wakakaa jandoni msimu mmoja, ni rika.

Hapo ndipo linapoanguka pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa dhidi ya istilahi hii, kwamba rika ni umri, na umri wa tairi si ulaji wake. Kila tairi la siku hizi lina tarakimu nne za kuzaliwa kwake: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la spea linaweza kuwa na tarakimu zilezile na wenzake, lakini limelala nyuma ya gari wakati wenzake wakiisugua barabara ya vumbi ya Nangurukuru hadi Liwale. Limezaliwa nao, halikupita nao. Si rika lao. Neno linabeba tofauti hiyo lenyewe, bila kuongezewa kivumishi, na hakuna jingine lililopendekezwa linaloweza kufanya hivyo.

Pingamizi la pili, kwamba rika ni la watu na si la vitu, ni jepesi zaidi. Usukani ulikuwa wa jahazi, ukatoka katika sukkān ya Kiarabu, ukaongoza vyombo kuingia Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla ya gari la kwanza. Leo umo mkononi mwa kila dereva na hakuna kamati iliyoketi kuuhamisha. Mikorosho iliyopandwa masika mamoja huweza kuitwa rika moja, na mkulima ataelewa.

Sababu ya kuhitaji urika ni ya hesabu. Kila milimita ya kashata inayolika hupunguza mzingo wa tairi kwa milimita 6.3 hivi. Tairi jipya la 225/60R17 lina mzingo wa karibu milimita 2,205. Wenzake waliobakiwa na kashata za milimita 4 wana pungufu ya milimita 25. Ndani ya kilomita moja watalizidi mizunguko mitano. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam, safari ya kilomita 300 hivi, tofauti inafika mizunguko 1,500. Difu iliundwa kumeza tofauti ya namna hiyo kwenye kona, kwa sekunde chache. Hapa inaimeza njia nzima, hata kwenye lami iliyonyooka. Mahali pa difu ya kati, au pamoja nayo, magari mengi yana klachi ya sahani nyingi, au sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Sahani hizo husuguana bila kupumzika, mafuta hupata moto, na mwishowe gari likikata kona kali uani hukaza na kushtuka kama limeshikwa breki. Subaru huruhusu tofauti ya mzingo isiyozidi robo ya inchi, yaani milimita 6.4. Hiyo ni milimita moja tu ya kashata.

Hilux na Land Cruiser ambazo dereva huunganisha mbele na nyuma kwa mkono zinasalimika zikivuta kwa nyuma peke yake, ingawa matairi ya ekseli moja bado yanapaswa kuwa rika.

Kutokana na rika hupatikana kitenzi kurikisha: kulifanya tairi liwe rika la wenzake, ama kwa kulichonga kashata kwa mashine, kama wafanyavyo Marekani, ama kwa kutafuta la mtumba lenye kina kilekile. Kurikisha hakugongani na kazi yoyote iliyokwisha kuwa na jina gerejini.

Kwa matumizi: pima kashata za matairi matatu kabla ya kununua la nne; likikosekana rika, nunua yote manne; jaza upepo sawasawa; na izungushe spea pamoja na mengine kila kilomita 10,000 ili ibaki rika. Subaru nyingi za zamani zenye giaboksi ya otomatiki zina kishikio cha fyuzi chenye herufi FWD chini ya boneti. Fyuzi ikichomekwa hapo, magurudumu ya nyuma huacha kuvuta, na spea isiyo rika huweza kulifikisha gari polepole kwa fundi.