Magombera: msitu uliobaki bila mwenyewe

Ukitoka Kidatu kuelekea Ifakara, milima ya Udzungwa inakuwa kulia kwako na mashamba ya miwa kushoto. Nyuma ya miwa na mpunga, upande wa Selous, ndipo ulipo Magombera, msitu wa bondeni usiofika kilomita za mraba 30. Ukiuliza nani aliuharibu, jibu huja upesi: wanavijiji na mapanga yao. Historia yake inasema mengine, na ni haki yasemwe.

Magombera ulikuwa hifadhi ya misitu tangu enzi za Mwingereza. Kisha ikaja TAZARA. Kati ya 1970 na 1975 reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa kasi iliyoushangaza ulimwengu, na hapa bondeni ikapita katikati ya msitu. Miti mikubwa ikaanguka, na upande mmoja wa reli mashamba yakachukua nafasi yake. Wataalamu akina Alan Rodgers na Katherine Homewood waliukagua msitu miaka hiyo, na mwaka 1980 makala yao kuhusu reli na mbega mwekundu ilitoka katika jarida la Oryx. Mbega huyo hapatikani popote duniani isipokuwa Udzungwa na misitu michache jirani.

Onyo la makala hiyo lilisikika, nalo likazaa jambo baya zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Magombera uliondolewa hadhi ya hifadhi ya misitu ili uunganishwe na Pori la Akiba la Selous. Hadhi ya zamani ikafutwa, kuunganishwa hakukukamilika. Sehemu ya msitu ikabaki ndani ya ardhi ya kampuni ya sukari, na kwa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na sheria madhubuti ya kuulinda. Mimi naona uharibifu mkubwa ulianzia hapo, mezani, kabla ya panga lolote.

Watu nao walizidi kuongezeka. Kiwanda cha sukari, reli na rutuba ya bonde viliwaita kutoka kila pembe ya nchi, na kila jiko lilitaka kuni. Wanawake wa vijiji vya mashariki mwa Udzungwa walikuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu katika hifadhi ya taifa kwa siku maalumu za wiki, mpaka ruhusa hiyo ilipokoma mwaka 2011. Mama wa Katurukila au Msolwa angepika kwa nini? Fito, nguzo na kuni zikatafutwa Magombera. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Katikati ya hali hiyo msitu ulitoa kiumbe kipya. Mtafiti Andrew Marshall alimkuta nyoka mwembamba akimla kinyonga. Nyoka akashtuka, akamtema. Kinyonga huyo hakuwa amewahi kuandikwa na sayansi. Mwaka 2009 akapewa jina la msitu wenyewe, Kinyongia magomberae, na Magombera ukatajwa katika magazeti ya nchi za mbali.

Hatimaye mashirika ya uhifadhi yalichanga fedha, ardhi iliyokuwa ya kampuni ikarudishwa serikalini, na mwaka 2019 Magombera ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS.

Kazi iliyobaki ni ya polepole. Palipokatwa miti mikubwa jua lilifika chini, na mimea inayotambaa ikaota kwa wingi. Inapanda juu ya miche, inajisokota shinani, inafunika vilele na kuyanyima majani mwanga, hata mti mchanga ukapinda kwa uzito. Watafiti wamekuwa wakiikata katika maeneo ya majaribio, kisha wanapima unene wa miti iliyoachiwa nafasi. Vijana wa vijiji jirani wanaoijua miti hiyo kwa majina ndio wanaostahili kupewa kazi hiyo kwanza, kwa mshahara wa kueleweka, na mama zao wapewe miche ya kuni ya kupanda karibu na nyumba.