Parke Moja, Kumbukumbu Nyingi

Ndugu msomaji, maneno haya yalipita kwanza redioni. Tunaongea juu ya Parke ya Virunga, na juu ya swali linalogawa watu wa Kivu ya Kaskazini: msitu ule ni wa nani?

Muulize mzee wa Rutshuru ao wa Lubero. Atakujibu: ni mali ya wazungu. Si kwamba anachukia gorila. Anakumbuka yale baba yake alimwelezea. Mwaka wa 1925 Wabelgiji walianzisha parke na kuipa jina la mfalme wao, Albert. Mwaka wa 1929 na wa 1935 mipaka ikapanuliwa sana, na familia zilizolima na kuchunga mule zikaondolewa. Ubishi juu ya nani alilipwa na nani hakulipwa haukuisha. Mwaka wa 1969 jina lilibadilika kuwa Virunga, lakini ubishi ukabaki.

Sasa shuka Vitshumbi, kando ya ziwa Edouard, uongee na mvuvi. Yeye anamlilia kiboko. Katika miaka ya 1970 viboko wa huko walizidi 20,000. Wenye silaha waliwaua kwa nyama na meno, mpaka kundi lile kubwa likabaki kidogo tu. Mavi ya kiboko inalisha maji, na maji inalisha samaki. Kwa mvuvi, kulinda mnyama ni kulinda wavu wake.

Mama wa Goma anaona tofauti. Mwaka wa 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walifika kutoka Rwanda, wakapangwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, karibu kabisa na parke. Walihitaji kuni, na miti ikaanguka. Mwaka uleule UNESCO iliweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio katika hatari. Kambi zile zilivunjwa mwaka wa 1996, lakini mji uliendelea kukua, na nyumba nyingi zinapika kwa makala. Kwa mama huyu, mti ni chakula cha jioni cha watoto.

Na kijana? Amesoma, anasikia habari za mvua iliyobadilika. Anajua kwamba kiwanda cha umeme cha Matebe kilianza kazi mwaka wa 2015, na anauliza kwa nini taa haijafika kwao. Mmoja anakuwa mlinzi wa parke, mwingine anaingia msituni na bunduki. Walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kufa katika kazi hiyo. Mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, 12 waliuawa siku moja. Nao walikuwa watoto wa vijiji vyetu.

Ndugu msomaji, unaona: kila mmoja ana mwaka wake unaomuuma. Mzee ana 1925, mama ana 1994, mjane wa mlinzi ana 2020. Tukimwita mama mharibifu, ao mlinzi msaliti, tunaongeza tu kidonda kingine.

Basi mkikaa barazani, msianze na mipaka. Ulizaneni kwanza: wewe ulipoteza nini, na mwaka gani? Kisha: leo nyumbani kwako mnapika na nini? Sheria isiyojibu swali la pili haitalinda mti hata mmoja. Na mti ukiisha, ziwa likinyamaza, hatutakuwa tena na kitu cha kugombania, wala cha kuwaachia watoto.