Msitu mmoja, nchi mbili: jinsi wanasayansi wanavyochora kanda za viumbe

Msitu wa Kibira, kaskazini-magharibi mwa Burundi, na ule wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, umetenganishwa na mpaka wa nchi. Kwa wataalamu wa biojiografia, hata hivyo, huo ni msitu mmoja. Taaluma hiyo huchunguza viumbe wanaishi wapi na kwa sababu gani, na huigawa dunia katika kanda kwa kufuata udugu wa viumbe, si bendera za mataifa.

Mwaka 1858 Mwingereza Philip Sclater aliigawa dunia katika kanda sita kwa kuzingatia ndege. Mwaka 1876 Alfred Russel Wallace alizitumia kanda hizo kwa wanyama wengine pia. Afrika kusini mwa Sahara iliitwa Kanda ya Ethiopia, ingawa haikukusudiwa nchi ya Ethiopia peke yake. Siku hizi huitwa Kanda ya Afrotropiki.

Kazi yenyewe huanza na orodha. Ramani hugawanywa katika miraba iliyo sawa, na spishi zinazopatikana katika kila mraba huandikwa. Kisha miraba hulinganishwa: yenye spishi nyingi za pamoja huwekwa katika kundi moja, na pale spishi zinapobadilika kwa wingi ndani ya umbali mfupi ndipo mpaka huchorwa. Mara nyingi mpaka huo si mstari, bali ni eneo la mpito ambamo viumbe wa pande zote mbili huchanganyika.

Hesabu ya spishi za pamoja haitoshi, kwa kuwa spishi mbili tofauti zaweza kuwa za ukoo mmoja wa karibu. Kwa hiyo utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science uliunganisha ramani na nasaba za spishi zaidi ya 21,000 za amfibia, ndege na mamalia. Matokeo yake yalikuwa kanda 20 zilizokusanywa katika himaya 11.

Kwa upande wa mimea, Frank White aliweka kipimo bayana katika kitabu chake kuhusu uoto wa Afrika, kilichochapishwa na UNESCO mwaka 1983. Ili eneo lihesabiwe kuwa kitovu cha mimea ya pekee, zaidi ya nusu ya spishi zake zilipaswa kutopatikana kwingineko, na spishi hizo kuzidi 1,000. Milima mirefu ya Afrika ilikidhi kipimo hicho. Ijapokuwa imetawanyika, mimea yake inafanana, hivyo White aliifananisha na visiwa. Mti wa Prunus africana, kwa mfano, hustawi milimani kuanzia Kameruni na Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Ugawaji huu una uzito katika uhifadhi. Sokwe wa milimani, ambao hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kuwa wamepita 1,000, wanaishi katika milima ya Virunga na msitu wa Bwindi pekee, yaani Kongo, Rwanda na Uganda. Nchi moja ikiwalinda na jirani yake ikazembea, juhudi hizo huwa nusu kazi. Vivyo hivyo, eneo linalofyekwa Kibira hupunguza makazi ya viumbe wa Nyungwe.