Ramani ya Bonde la Ruvu

Mwanahistoria wa Uzaramo amezoea kutafuta habari zake katika barua za wamisheni na taarifa za mabwana shauri, na mara nyingi huisahau hazina iliyo wazi mbele yake, nayo ni ramani. Nakusudia zile karatasi za kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita mbili kwa kilomita moja, zilizotolewa katikati ya karne iliyopita na idara ya Uingereza ya kupima makoloni, ambayo Martin Hotine aliianzisha mwaka 1946. Ndege zilipita juu zikipiga picha zilizopandiana. Wachoraji huko Uingereza wakazitazama mbilimbili, hata vilima vikainuka machoni pao, wakachora mistari ya mwinuko. Ndivyo mtu awezavyo kuchora mto ambao hajapata kuyanywa maji yake.

Lakini picha haitaji jina. Jina sharti liulizwe chini. Burton na Speke, waliopita bondeni mwaka 1857, waliuandika mto huu Kingani. Ramani yauita Ruvu, nayo Ruvu nyingine iko kaskazini, yenye kutia maji yake katika mto Pangani.

Kwangu mimi, thamani kubwa imo katika nukta zile ndogo za nyumba. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 yavuka mto, nazo nyumba za Wazaramo na Wakwere zimetawanyika pande zote, kila moja na shamba lake. Mtawanyiko huo ndio uliohesabiwa kuwa kasoro. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini kumekuwa amri, na mwisho wake ni mwaka 1976. Watu wakahamishwa, miembe na minazi ikabaki. Hata hivyo, aisomaye mistari ya mwinuko pamoja na nukta ataona mpango: nyumba juu, mafuriko ya masika yasiifikie, mpunga chini penye unyevu, muhogo katikati.

Tusiipe ramani sifa isizostahili. Picha ni ya siku moja, na nukta haisemi ni nyumba ya nani, wala kama mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama kwa hiari yake. Hapo yafaa karatasi itandikwe mbele ya wazee wa Mzenga na Kwala, wayataje mahame kwa majina, moja moja, nasi tuyaandike pembeni mwa nukta zake.