Muuguzi akimpiga mwanao picha kwa simu: picha inakwenda wapi?

Siku hizi si ajabu kumwona muuguzi au tabibu akipiga picha ya upele wa mtoto, mshono wa upasuaji au picha ya eksirei, kisha akaituma kwa simu yake mwenyewe. Walezi wengi hushtuka. Mara nyingi picha hiyo inakwenda kwa mtaalamu mwenzake, kupitia programu kama WhatsApp, ili apate ushauri wa haraka.

Ukiijua Rukwa, sababu utaielewa. Zahanati ya kijijini ina watumishi wachache, na huenda hakuna daktari. Madaktari bingwa wako hospitali ya rufaa ya mkoa, Sumbawanga mjini, na kisichowezekana hapo hufuatwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Kwa aliye bondeni, Muze au Mtowisa, kuna milima ya kupanda kabla hata ya kuufikia mji, na wakati wa mvua barabara huwa mbaya zaidi. Picha moja inaweza kumfanya bingwa aseme "mpe dawa hii, mwangalie hadi kesho", au "mlete sasa hivi". Akisema mlete, wanaompokea wanapata muda wa kuandaa damu, oksijeni au chumba cha upasuaji.

Lakini ujumbe una udhaifu wake. Picha haisikiki: haimwonyeshi daktari jinsi mtoto anavyokoroma akivuta pumzi. Kundi likiwa na watu wengi, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake atajibu. Mtandao ukikatika, ujumbe unabaki kwenye simu ya aliyeutuma. Kwa hiyo kwenye dharura, kupiga simu ni bora kuliko kuandika. Mtoto akiwa anapumua kwa shida, ana degedege au hawezi kunyonya, na unaambiwa "tumetuma ujumbe, tunasubiri", sema bila woga: "Naomba umpigie." Huo si utovu wa adabu.

Kuhusu siri: WhatsApp hufunga ujumbe njiani ili asiyehusika asiusome, ila haiwezi kuzuia simu kuibiwa, picha kubaki kwenye simu miezi mingi, au kutumwa kimakosa kwenye kundi la ukoo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa taarifa nyeti. Kabla ya picha, uliza:

- Unamtumia nani, na kwa nini?
- Uso na jina la mtoto vinaweza kuachwa?
- Utaifuta lini?

Ukikataa picha, mtoto bado anastahili matibabu. Na wewe pia usiwapige picha wagonjwa wengine wodini, hata kama nia yako ni kuwaonyesha ndugu nyumbani.

Jambo moja walezi hulichanganya: makundi haya ni ya watumishi wenyewe, si njia yako ya kuomba msaada. Mjamzito akitokwa na damu, akiumwa sana kichwa na kuona ukungu, au akipata kifafa, piga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2022. Anayepokea simu huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo, si na familia. Unawahudumia wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28.

Ushauri wa bingwa ukifika kwa simu, mwombe muuguzi auandike kwenye kadi ya kliniki: dawa gani, kiasi gani, urudi lini. Kama bibi ndiye atakayebaki na mtoto na Kifipa ndicho anachokielewa vizuri, omba aelezwe kwa Kifipa kabla hamjaondoka.